Usichome katoni: Itengenezee mtoto stendi ya kuchorea

Katoni tupu haikosekani katika Kaunti ya Kilifi. Kuanzia Mtwapa hadi Malindi na kutoka Mariakani hadi Kilifi mjini, maduka hufungua shehena kila asubuhi, na jioni masanduku matupu hurundikwa kando ya barabara. Baadhi huchukuliwa na wakusanyaji na kuuzwa. Zinazobaki huchomwa, au hulowa mvua, zikalegea na kuziba mitaro wakati wa masika, pale tunapoihitaji mitaro hiyo zaidi.

Wakati huohuo, mzazi mwenye mtoto wa chekechea huenda akapokea orodha ya vifaa vya somo la sanaa. Mwenye uwezo hununua. Asiye na uwezo humwambia mtoto asubiri, na mtoto huyo huwatazama wenzake wakichora. Wengine hulala kifudifudi sakafuni na kuchora juu ya karatasi inayoteleza kwenye vumbi.

Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kusaidiana. Kwa katoni moja kubwa, kikombe cha unga wa ngano, kipande cha kanga kuukuu na kamba, mzazi au mwalimu anaweza kutengeneza stendi ya kuchorea, yaani kiegemeo cha kushikilia karatasi mtoto akiwa amekaa au amesimama. Kazi yenyewe huchukua saa chache. Muda mwingine ni wa kusubiri gundi ikauke.

KWA NINI JAMBO HILI LINAIHUSU KAUNTI

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea pamoja na uzoaji na utupaji wa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 nayo inataka taka zitenganishwe, zinazooza kando na zisizooza kando, badala ya kutupwa zote pamoja. Kutenga katoni safi jikoni au dukani ni hatua rahisi ya kuanzia.

Kwa upande wa elimu, mtaala wa umilisi unawapa watoto wa PP1 na PP2 shughuli za ubunifu kama sehemu kamili ya masomo yao. Kuchora si mchezo wa kupitisha muda. Mtoto anapochora mstari, duara na umbo la nyumba, vidole vyake vinajifunza kushika penseli kabla ya kuandika herufi. Wataalamu wanaowasaidia watoto kujifunza kutumia viungo vyao hupendekeza kuchora kwenye ubao uliosimama, kwa sababu mkono ukiwa umeinuliwa, bega hupata nguvu na kifundo cha mkono hukaa katika hali inayofaa kwa kuandika. Na mwanafunzi anayefika gredi ya 10 sasa anaweza kuchagua mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Safari hiyo huanzia kwenye karatasi ya kwanza ya chekechea.

SIRI YA NGUVU YA KATONI

Kata ukingo wa katoni uutazame kwa karibu. Utaona tabaka tatu: karatasi mbili za nje zilizonyooka, na katikati yake karatasi iliyokunjwa mawimbi kama mabati ya paa. Mawimbi hayo huacha mifereji inayoelekea upande mmoja. Katoni ni ngumu ukijaribu kuikunja kwa kukatiza mifereji, lakini hukunjika kwa urahisi ukiifuata.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: ubao wa stendi uwe na tabaka mbili za katoni, moja ikiwa na mifereji inayosimama na nyingine mifereji inayolala. Zikigundishwa pamoja, udhaifu wa moja hufunikwa na nguvu ya nyingine. Ndivyo plaiwudi inavyotengenezwa.

Kanuni ya pili ni umbo la pembetatu. Pembe nne zikisukumwa hulala upande, lakini pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande wake mmoja uvunjike. Fundi wa paa hulijua hilo anapopiga kenchi. Stendi yetu ina ubao wa mbele, ubao wa nyuma na kitako kinachoziunganisha chini.

VIFAA

1. Katoni moja kubwa, kwa mfano ya televisheni, au katoni mbili tatu za wastani. Iwe kavu, safi, isiyo na mafuta wala harufu ya samaki.
2. Kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 4 vya maji, kijiko cha chumvi na kijiko cha siki.
3. Kipande cha kanga au shuka kuukuu, urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 12.
4. Kamba nyembamba, kama mita 2.
5. Vibanio viwili vya nguo.
6. Rula au ubao ulionyooka, penseli, kisu kikali na msumari wa kutobolea.
7. Kipande cha mshumaa.

Gundi nyeupe ya seremala kutoka duka la vifaa vya ujenzi inafaa pia na hukauka haraka kuliko ya unga. Lakini usiinunue kwa sababu ya kazi hii pekee, kwani ya unga inatosha.

KUPIKA GUNDI

Koroga unga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yote yaishe. Chemsha vikombe vitatu vilivyobaki. Maji yakichemka, mimina mchanganyiko wako polepole huku ukikoroga. Endelea kukoroga kwa dakika 2 au 3, mpaka uji uwe mzito na uanze kung'aa. Epua, tia chumvi na siki, kisha uache upoe kabisa. Chumvi na siki hupunguza ukungu, jambo la maana katika hewa yenye unyevu ya pwani. Gundi hii itumike siku hiyohiyo au kesho yake. Ikianza kunuka, itupe.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Kata vipande. Fungua katoni uilaze chini. Pima vipande vinne vya sentimita 60 kwa 45. Viwili viwe na mifereji inayofuata urefu wa sentimita 60, na viwili viwe na mifereji inayofuata upana wa sentimita 45. Kisha kata kitako cha urefu wa sentimita 56 na upana wa sentimita 40, mifereji ikifuata urefu. Mwisho kata ukanda wa rafu wa urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 20, mifereji ikifuata urefu. Usijaribu kukata katoni kwa mkato mmoja. Pitisha kisu mara mbili au tatu kando ya rula, kwa shinikizo dogo, na mkato utanyooka.

Kama katoni zako ni ndogo, unganisha vipande. Hakikisha tu kwamba kiungo cha tabaka la kwanza hakikutani na kiungo cha tabaka la pili, kama vile fundi anavyopishanisha matofali ukutani.

Hatua ya 2: Gundisha tabaka. Chukua kipande chenye mifereji inayosimama na kingine chenye mifereji inayolala. Paka gundi nyembamba iliyoenea kila mahali, hasa pembezoni. Gundi nyingi hulowesha katoni na kuifanya ijikunje. Bandika, linganisha kingo, kisha ulaze juu ya sakafu tambarare na uweke uzito juu yake: vitabu, matofali juu ya ubao, au mtungi wa maji. Fanya hivyo kwa jozi zote mbili. Acha usiku kucha, na asubuhi uzianike juani kwa saa kadhaa, ukizigeuza. Sasa una mbao mbili: ya mbele na ya nyuma.

Hatua ya 3: Bawaba ya kanga. Laza mbao hizo mbili chini, pande zake za juu zikitazamana, ukiacha nafasi ya sentimita 1 kati yake. Nafasi hiyo ndiyo itakayoruhusu kukunja. Paka gundi kwenye kitambaa na kwenye kingo zote mbili, kisha ukibandike kitambaa kikikatiza nafasi hiyo kwa urefu wake wote. Kisugue kwa kiganja kiondoe hewa. Kikikauka, simamisha mbao kama paa la nyumba, kitambaa kikiwa upande wa nje.

Hatua ya 4: Rafu. Kwenye ule ukanda, piga mistari minne kwa urefu, kila mmoja ukiwa sentimita 4 kutoka kwa mwenzake. Kandamiza kila mstari kwa mpini wa kijiko kabla ya kukunja, ili mkunjo ufuate mstari. Kunja upate bomba la pembe nne, pande mbili za mwisho zikipandana, na ugundishe hapo. Likishikana, ligundishe kwenye ubao wa mbele, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 10 kutoka chini ya ubao. Lizungushie kamba mpaka gundi ikauke.

Juu ya rafu patabaki sentimita 46 za ubao. Karatasi ya A3, yenye sentimita 42 kwa 29.7, itakaa ikiwa imesimama au imelala. Na kwa kuwa ubao umeegemea nyuma, rafu nayo huinuka kidogo upande wa mbele. Kwa hiyo kalamu ya rangi ikiwekwa hapo huviringika kuelekea ubaoni badala ya kuanguka.

Hatua ya 5: Kitako. Kunja sentimita 8 kila mwisho wa kitako, ukikandamiza mistari kwanza. Katikati zitabaki sentimita 40. Gundisha mkunjo mmoja upande wa ndani wa ubao wa mbele, chini kabisa. Mkunjo wa pili uusimamishe upande wa ndani wa ubao wa nyuma, kisha utoboe matundu mawili kwa msumari yanayopita kwenye mkunjo na ubao kwa pamoja. Funga hapo kwa kamba, kwa fundo linalofunguka. Usigundishe upande huu. Ukifungua kamba, kitako hupanda na kulala ndani, na stendi nzima hukunjika bapa kama kitabu. Katika darasa dogo, stendi kumi zinaweza kuegemezwa kwenye kona moja.

Hatua ya 6: Kamba ya vibanio. Toboa tundu moja kila upande wa ubao wa mbele, sentimita 6 kutoka juu, chini kidogo ya kitambaa. Pitisha kamba ikatize mbele ya ubao, uikaze na kuifunga nyuma. Ining'inize karatasi kwa vibanio viwili, kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Karatasi ikijaa, mtoto mwenyewe ataitoa na kuweka nyingine.

Hatua ya 7: Kinga ya maji. Sugua mshumaa kwa nguvu kwenye kingo zote za chini, kwenye sehemu ya chini ya kitako na juu ya rafu. Nta hiyo huzuia unyevu wa sakafu kupanda kwenye mifereji. Rangi ya mafuta iliyobaki nyumbani inafaa pia, mradi ipakwe na mtu mzima na ikauke kabisa kabla mtoto hajaigusa.

IJARIBU KABLA YA KUMPA MTOTO

Weka pakiti ya unga ya kilo 2 juu ya rafu kwa robo saa. Rafu ikianza kubanduka, ongeza gundi na uifunge tena. Kisha sukuma ubao kwa kiganja, kwa nguvu za mtoto anayepaka rangi kwa furaha. Stendi ikitaka kupinduka, weka mfuko wa mchanga wa kilo 2 juu ya kitako. Soksi kuukuu iliyojazwa mchanga na kufungwa mdomo inatosha.

Mtoto akikaa mkekani, stendi iwekwe chini mbele yake. Akitaka kuchora akiwa amesimama, iwekwe juu ya benchi fupi isiyotikisika. Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, iwekwe mezani, karibu na ukingo. Mtoto asiyeona vizuri naye anaweza kusogezewa karatasi karibu na uso wake bila kuinamisha shingo. Ukiongeza rafu na kamba kwenye ubao wa nyuma, watoto wawili watachora kwa wakati mmoja, na idadi ya stendi zinazohitajika darasani itapungua kwa nusu.

MAMBO YA KUZINGATIA

Ukataji wote ufanywe na mtu mzima. Kisu hukatwa mbali na mwili, na mkono wa kushikilia rula usikae mbele ya makali. Watoto wapewe kazi ya kupaka gundi, kusugua mshumaa na kupamba.

Ondoa pini zote za chuma zilizoshikilia katoni. Usitumie katoni iliyobeba dawa ya kunyunyizia mimea, sumu ya panya, betri au kemikali yoyote, hata kama inaonekana safi.

Gundi ya unga huvutia mende, panya na mchwa. Stendi ihifadhiwe juu ya rafu au meza, wala isiachwe usiku kucha kwenye sakafu ya udongo. Wakati wa masika iangalie kila juma. Ukiona ukungu, uifute kwa kitambaa chenye siki na kuianika juani.

MASWALI YANAYOWEZA KUZUKA

Itadumu muda gani? Hutegemea matunzo na ukavu wa mahali inapohifadhiwa. Kinachochakaa kwanza huwa ni kitako na rafu, na vyote viwili vinaweza kubadilishwa bila kugusa ubao.

Karatasi za kuchorea zitoke wapi? Pakiti ya unga ya karatasi ikifunguliwa na kupanguswa ni karatasi imara ya kuchorea. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita ni nyeupe na pana. Karatasi za ofisi zilizochapwa upande mmoja zina upande wa pili.

Na rangi? Kipande cha mkaa huchora mstari mweusi mzuri. Manjano ya jikoni yakikorogwa kwenye gundi nyembamba ya unga hutoa rangi ya njano. Udongo mwekundu ukichekechwa na kukorogwa vivyo hivyo hutoa rangi ya kahawia. Kwa brashi, ponda ncha ya kijiti mpaka nyuzi zitokeze.

Je, hatutakuwa tunawanyang'anya wakusanyaji riziki? Swali hili ni la haki. Katoni safi na kavu huuzwa kwa uzani, na kuna familia zinazoishi kwa kazi hiyo. Ukienda dukani, uliza kama katoni zimeshaahidiwa mtu, na uchukue unazohitaji tu. Zinazofaa zaidi kwa stendi ni zile ambazo zingechomwa, au zilizo nyumbani kwako tayari.

STENDI IKICHAKAA

Nyuzi za karatasi zinaweza kusindikwa upya mara 5 hadi 7 hivi kabla hazijawa fupi mno. Kutengeneza stendi kunairefushia katoni maisha bila kuikatisha safari hiyo, mradi iwe kavu na isiyo na mafuta mwishoni. Ndiyo sababu tumependekeza gundi ya unga na kitambaa badala ya selotepu nyingi za plastiki. Bandua kitambaa, ondoa kamba, kata pembeni sehemu zilizopakwa nta au rangi ya mafuta, kisha umpe mkusanyaji sehemu iliyobaki. Iliyolowa na kuchakaa kabisa ichanwe vipande vidogo na kuchanganywa kwenye shimo la mboji pamoja na maganda ya jikoni. Itaoza na kurudi shambani.

Isichomwe. Moshi wa katoni yenye wino na plastiki huingia kwanza katika mapafu ya watoto waliokaribu nayo, ambao ni walewale tuliotaka kuwatengenezea stendi.

KUANZIA WAPI

Mzazi mmoja anaweza kuanza nyumbani kwake. Lakini kazi hii hufana zaidi ikifanywa na kundi. Kamati ya wazazi ya kituo cha chekechea inaweza kutenga Jumamosi moja ya kukata na kugundisha, na nyingine ya kuunganisha. Sufuria moja ya gundi hutumiwa na wengi, kisu kimoja chenye makali mazuri hupitishwa kwa zamu chini ya uangalizi, na aliyekwisha kutengeneza moja humwelekeza jirani yake. Kundi likiwa na katoni kumi, vipande vya kila aina vikatwe kwa pamoja kwa kufuatisha kielelezo kimoja, ili kitako cha stendi moja kiingie kwenye nyingine kinapohitaji kubadilishwa.

Wazazi na walimu wanashauriwa kuzungumza na mwalimu wa kituo chao kwanza, wajue ni watoto wangapi hawana vifaa vya sanaa, kisha waanze na hao. Anayehitaji mwongozo kuhusu kutenganisha taka katika mtaa wake aulize katika ofisi ya msimamizi wa wadi yake. Na leo jioni, kabla ya kuwasha moto wa taka nyuma ya nyumba, chambua rundo hilo kwanza. Katoni iliyo kavu iweke kando.